Serikali Isiyo na Sanduku la Kura

Siku ya mwaka mpya wa 1980 Mwalimu Julius Nyerere alizungumza na mabalozi wa nchi za nje waliokuwa Tanzania. Hali ya nchi ilikuwa mbaya. Vita vya Kagera vilikuwa vimekomba fedha za kigeni, mafuta yalikuwa yamepanda bei, kahawa ilikuwa imeshuka, na kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977 kulikuwa kumetulazimisha kuanzisha upya mashirika tuliyokuwa tukiyamiliki pamoja na jirani zetu. Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, lilikuwa tayari kukopesha, ila kwa masharti: shilingi ishushwe thamani, serikali ipunguze matumizi, udhibiti wa bei ulegezwe. Waziri wa Fedha, Edwin Mtei, aliyekuwa gavana wa kwanza wa Benki Kuu yetu, aliona hakuna namna ila kuelewana nao. Rais alikataa, na Mtei akajiuzulu. Ndipo Mwalimu akawauliza mabalozi swali ambalo limerudiwa sana tangu siku hiyo: ni lini IMF iligeuzwa wizara ya fedha ya dunia, na ni lini mataifa yalikubali kuikabidhi madaraka ya kujiamulia mambo yao?

Agosti 1986 Tanzania ilitia saini. Mwalimu alikuwa ameshatoka Ikulu na Ali Hassan Mwinyi ndiye Rais. Maduka yalikuwa matupu, na hata wafadhili marafiki walikuwa wakitushinikiza tuelewane kwanza na Washington. Shilingi ikashuka, watumishi wa umma wakapunguzwa kazi, na baadaye wazazi wakaanza kuchangia gharama za shule na wagonjwa gharama za hospitali. Wapo wachumi wanaosema mageuzi yale hayakuepukika, na kwa baadhi ya mambo siko mbali nao. Lakini hakuna Mtanzania aliyewapigia kura walioyaandika, wala hakuna ambaye angeweza kuwaondoa endapo yangeharibika.

Kwa kawaida swali la Mwalimu husomwa kama kauli ya mtetezi wa uhuru wa taifa: tuacheni, tutajitawala wenyewe. Mimi nalichukua neno kwa neno. Ikiwa dunia ina wizara ya fedha, na hakuna dalili kwamba itafungwa, basi waziri wake anachaguliwa na nani? Mwalimu alitaka wizara hiyo itutoke. Ninayoitetea katika sura hii ni njia nyingine: iwekwe chini ya bunge, na bunge hilo lichaguliwe na watu wanaoishi chini ya maamuzi yake, popote walipo.

Tuitazame wizara yenyewe. Ndani ya IMF kura hufuata mfuko. Marekani peke yake ina asilimia 16 na ushee ya kura zote, na maamuzi makubwa kabisa huhitaji asilimia 85. Fanya hesabu mwenyewe uone nini kinapita Marekani ikisema hapana. Sehemu ya Tanzania haifiki hata robo ya asilimia moja. Hadi mwaka 2024 nchi zaidi ya 20 za Afrika, zikiwemo Tanzania, Kenya na Uganda, zilikuwa zikisemewa na mkurugenzi mmoja katika bodi ya wakurugenzi 24. Kila mkurugenzi mkuu wa shirika hilo ametoka Ulaya, na kila rais wa Benki ya Dunia, iliyo ng'ambo ya barabara, amekuwa raia wa Marekani. Hakuna kifungu kinachoamuru hivyo. Wakubwa waligawana vyeo miaka ya 1940, na mgawo huo bado unaheshimiwa.

Wizara ya ulinzi nayo tunayo. Ibara ya 25 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa inazifunga nchi zote wanachama, ambazo leo ni 193, kutekeleza maamuzi ya Baraza la Usalama. Baraza hilo linaweza kuiwekea nchi vikwazo, kufungia mali za mtu, hata kuidhinisha vita. Hayo ni madaraka ya serikali, tena serikali kali. Wajumbe wake ni 15, na watano kati yao hawaondoki wala hawapigiwi kura: Marekani, Urusi, China, Uingereza na Ufaransa. Mkataba ulipotiwa saini San Francisco mwezi Juni 1945, bara zima la Afrika lilisemewa na Misri, Ethiopia, Liberia na Afrika Kusini, hiyo ya mwisho ikiwa mikononi mwa Wazungu wachache. Sisi wengine tulikuwa mali ya baadhi ya waliokuwa wakitia saini.

Mwezi Februari 2022 zamu ya uenyekiti wa Baraza hilo iliiangukia Urusi. Tarehe 21 balozi wa Kenya, Martin Kimani, alitoa hotuba iliyozunguka dunia. Alieleza jinsi Waafrika walivyorithi mipaka waliyochorewa na wakoloni, wakaamua kuishi nayo kuliko kumwaga damu wakitafuta mipaka mingine. Siku tatu baadaye vifaru vya Urusi viliingia Ukraine. Tarehe 25 azimio la kulaani uvamizi huo lilipigiwa kura: nchi 11 ziliunga mkono, Kenya ikiwa miongoni mwao, tatu zikajizuia, na moja ikapinga. Aliyepinga ndiye mshtakiwa, na ndiye pia aliyekalia kiti cha mwenyekiti. Azimio likafa palepale. Wapenzi wa Marekani wasiwe wepesi wa kucheka. Tarehe 18 Aprili 2024 wajumbe 12 kati ya 15 walikubali Palestina ipendekezwe kuwa mwanachama kamili. Uingereza na Uswisi zikajizuia, Marekani ikapinga, na mjadala ukaishia hapo.

Mahakama nayo ipo The Hague, ile ya kimataifa ya makosa ya jinai. Baraza la Usalama liliipelekea mahakama hiyo suala la Darfur mwaka 2005 na la Libya mwaka 2011, ingawa Sudan na Libya hazikuwa wanachama wake. Marekani, Urusi na China nazo si wanachama, ila zina uwezo wa kumpeleka mwingine mahali ambapo zenyewe hazipelekeki. Viongozi wa Afrika walipolalamika kwamba mahakama ile inaona weusi tu, baadhi yao walikuwa wakijitafutia pa kujificha, na sitawatetea. Hilo halifuti kasoro yenyewe.

Kwa hiyo kuuliza kama tunaitaka serikali ya dunia ni kuchelewa. Sheria zake zinatufunga, masharti yake yanaingia katika bajeti zetu, adhabu zake zinatufikia. Wapiga kura ndio hawajaandikishwa.

Mwanadiplomasia atanijibu kwamba wapiga kura wapo: wanawakilishwa na serikali zao. Jibu hilo tulipime kwa Rwanda. Mwaka 1994 Rwanda ilikuwa na kiti katika Baraza la Usalama, kwa zamu yake ya miaka miwili. Mauaji yalianza Aprili 7, na balozi wa serikali iliyoyaendesha aliendelea kuingia kikaoni, kusikiliza na kupiga kura. Tarehe 21 Aprili Baraza liliamua kupunguza kikosi chake kilichokuwa Rwanda hadi watu 270. Watutsi waliokuwa wakiwindwa makanisani walikuwa na mwakilishi New York. Mwakilishi huyo alikuwa mtumishi wa wauaji wao. Mwishoni mwa mwezi huo watu zaidi ya 200,000, wengi wao Wahutu waliokuwa wakikimbia vita, walivuka daraja la Rusumo ndani ya siku mbili, wakaingia wilaya ya Ngara. Wazee wa Ngara wanaozikumbuka siku zile hawahitaji somo kuhusu kile kinachotokea dunia inapoamini kwamba serikali na wananchi ni kitu kimoja.

Hata serikali isipoua, husema kwa sauti moja kwa niaba ya watu wenye sauti nyingi. Tarehe 2 Machi 2022 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipiga kura kuhusu Ukraine. Kenya, Rwanda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ziliunga mkono azimio. Tanzania, Uganda na Burundi zilijizuia. Huenda msimamo wa Tanzania ulikuwa na sababu nzuri. Wananchi tuliusikia kwenye taarifa ya habari, kama mtu anayesikia matokeo ya mechi ya ugenini. Na katika ukumbi ule Tuvalu, yenye watu kama 11,000, ina kura moja, na India yenye watu zaidi ya bilioni 1.4 ina kura moja. Katika IMF fedha ndiyo inayohesabiwa, katika Baraza Kuu zinahesabiwa bendera. Watu hawahesabiwi popote.

Bunge hubadilisha jambo hilo kwa namna ambayo mkutano wa mabalozi hauwezi. Katika Bunge la Ulaya, ambalo raia wamelichagua moja kwa moja tangu mwaka 1979, wabunge hawakai kwa nchi. Wanakaa kwa mrengo: wajamaa wa Hispania pamoja na wajamaa wa Sweden, wahafidhina pamoja na wahafidhina. Wajerumani wawili hupiga kura kinyume kila wiki na hakuna anayewaita wasaliti. Fikiria basi suala la chanjo za korona. Oktoba 2020 India na Afrika Kusini ziliomba Shirika la Biashara Duniani lisimamishe kwa muda haki miliki za chanjo na dawa, ili viwanda vingine vitengeneze. Shirika hilo huamua kwa maafikiano ya wote, kwa hiyo nchi chache tajiri zilitosha kulikwamisha. Mwaka 2021 ulipoisha, chini ya mmoja kati ya Waafrika kumi alikuwa amekamilisha chanjo. Makubaliano yaliyopatikana Juni 2022 yalikuwa kivuli cha ombi. Ndani ya Ulaya na Marekani kwenyewe walikuwepo mamilioni waliotaka haki hizo zisimamishwe. Hawakuwa na chumba cha kukutana na sisi na kupiga kura upande mmoja.

Sasa mapingamizi. La ukubwa nitalipita haraka, maana India imeshalijibu. Ilipofanya uchaguzi wake mkuu wa kwanza, mwaka 1951 hadi 1952, wapiga kura walikuwa wapatao milioni 173, wengi wao hawajui kusoma, na wapo waliotabiri kwamba utashindwa. Mwaka 2024 daftari lilikuwa na majina kama milioni 968 na watu wapatao milioni 642 walipiga kura, kwa utaratibu unaotaka kituo kisiwe zaidi ya kilomita mbili kutoka anapoishi mpiga kura. Hiyo ni zaidi ya mtu mmoja kati ya kila kumi duniani kuandikishwa katika daftari moja. Kinachobaki hapo ni gharama, na gharama si hoja ya kukataa haki.

Pingamizi la pili linatuhusu zaidi: wadogo watamezwa. Kama kila mtu ana kura moja, China na India zitatawala na Zanzibar haitasikika hata ikipiga kelele. Nataja Zanzibar kwa makusudi, kwa sababu hesabu hii tumeishi nayo tangu Aprili 26, 1964. Sensa ya mwaka 2022 ilikuta Watanzania milioni 61.7, kati yao chini ya milioni 1.9 wakiwa Zanzibar. Kwa kila Watanzania 100, Wazanzibari ni kama watatu. Lakini katika uchaguzi wa 2020, majimbo 50 kati ya 264 yalikuwa Zanzibar, karibu moja katika kila matano. Bunge la Ulaya hufanya vivyo hivyo: Malta, yenye watu wachache kuliko Kinondoni, ina wabunge sita, Ujerumani ina 96. Tena Katiba yetu, ibara ya 98, inataka mambo ya msingi ya Muungano yasibadilishwe mpaka theluthi mbili ya wabunge wa Bara na theluthi mbili ya wabunge wa Zanzibar wakubali, kila upande ukihesabiwa peke yake. Bunge la dunia likiandikiwa masharti ya aina hiyo, wingi wa watu na wingi wa nchi, hakuna jitu litakalopitisha jambo kwa uzito wake tu.

Najua msomaji wa Zanzibar ameshatabasamu. Hesabu nzuri haikuzuia kero za Muungano. Mwaka 1984 Aboud Jumbe alilazimika kujiuzulu urais wa Zanzibar baada ya kutaka suala la muundo wa Muungano lipelekwe mbele ya mahakama, na miaka 30 baadaye mapendekezo ya serikali tatu yaliyotolewa na Tume ya Warioba ya mabadiliko ya Katiba yaliwekwa kando. Mahakama Maalum ya Katiba, iliyowekwa na ibara ya 125 ili kuamua ugomvi baina ya pande mbili, imebaki maandishi. Udhaifu wa shirikisho letu haumo katika kugawa viti. Umo katika kukosa mwamuzi anayeogopwa na pande zote mbili.

Mwamuzi wa namna hiyo aliwahi kuonekana Arusha, kwa muda mfupi. Novemba 2006 Mahakama ya Afrika Mashariki iliwazuia wabunge tisa wa Kenya kuapishwa katika Bunge la Afrika Mashariki, kwa shauri lililofunguliwa na Anyang' Nyong'o na wenzake wakidai kwamba hawakuchaguliwa kwa mujibu wa Mkataba wa Jumuiya. Majaji walikuwa wamethubutu kuiambia nchi mwanachama: hapana. Wakuu wa nchi walikasirika, na mwezi uliofuata wakaurekebisha Mkataba, wakaongeza ngazi ya rufaa na njia mpya za kumwondoa jaji. Machi 2007 mahakama ilitoa hukumu yake hata hivyo, na Kenya ikalazimika kuwachagua wabunge wake upya. Nikiulizwa ni wapi nimeona dalili ya sheria iliyo juu ya serikali katika ukanda huu, ni hapo, na hasira ya wakuu ndiyo ushahidi kwamba ilikuwa kweli.

Pingamizi zito kuliko yote ni la mwanafalsafa wa Kijerumani Immanuel Kant. Katika kitabu chake cha mwaka 1795 kuhusu amani ya kudumu alitafuta njia ya kuvimaliza vita, na alipofika mlangoni pa dola moja ya dunia akasita. Aliona dola kubwa kiasi hicho itageuka udikteta usio na roho, kisha itasambaratika. Akachagua shirikisho la mataifa huru. Rudi Rusumo uone uzito wa hoja yake. Waliokimbia walivuka mto wakawa nchi nyingine, chini ya serikali nyingine. Kama serikali ni moja, mkimbizi anavuka mto gani?

Sina jibu linalofuta hofu hiyo, na anayedai kuwa nalo asipewe madaraka. Ninachosema ni kwamba mipaka ibaki, polisi, shule, ardhi na lugha zibaki kwa mataifa, na bunge la dunia lipewe orodha fupi ya mambo yasiyoweza kushughulikiwa na taifa moja: vita na silaha za maangamizi, hali ya hewa, magonjwa ya mlipuko, madeni na kodi za makampuni yanayohama nchi ili yasilipe. Nje ya orodha hiyo likiamua, amri yake iwe batili. Nalo jeshi la kudumu lisipewe. Hata hivyo anayeogopa udikteta wa kesho autazame na ule wa leo. Nchi tisa zina vichwa vya nyuklia vinavyokadiriwa kuwa 12,000, na katika baadhi yake mtu mmoja anaweza kuamuru virushwe kabla baraza lake la mawaziri halijaamka. Julai 2017 nchi 122 zilipitisha mkataba wa kuvipiga marufuku. Hata moja ya zile tisa haikuupigia kura, na mkataba huo hauzifungi. Moshi wa vita hivyo hautaulizia pasipoti.

Linabaki swali la wabunge wa nchi ambako kura huibwa. Watachaguliwaje? Mwanzoni, vibaya. Bunge la Ulaya lilianza mwaka 1952 kama baraza la wajumbe walioteuliwa na mabunge ya nchi zao, lisilo na nguvu ya maana, na likangoja miaka 27 kabla raia hawajaingia kituoni. Njia hiyo ina hatari yake, na mfano tunao mlangoni. Bunge la Afrika Mashariki lilizinduliwa Novemba 2001 na mpaka leo wabunge wake tisa wa kila nchi huchaguliwa na wabunge wenzao, katika mchakato ambao mwananchi wa kawaida hujua umekwisha anapoona picha za kuapishwa. Bunge la Afrika, lenye makao Midrand, Afrika Kusini, lilianza mwaka 2004. Itifaki ya Malabo ya mwaka 2014 ya kulipa uwezo wa kutunga sheria bado inangoja nchi za kutosha kuiridhia. Baraza la kushauri linaweza kuzeeka likishauri. Ndiyo maana tarehe ya uchaguzi wa moja kwa moja iandikwe tangu siku ya kwanza, na nchi itakayoshindwa kuutimiza viti vyake vikae wazi.

Mahali pa kuanzia hapahitaji ruhusa ya wale watano. Kuurekebisha Mkataba wa Umoja wa Mataifa kunahitaji theluthi mbili ya wanachama wakiwemo watano wote, kwa hiyo mlango huo umefungwa kwa ndani. Ila ibara ya 22 inaliruhusu Baraza Kuu kuunda vyombo vyake tanzu, na katika Baraza Kuu hakuna kura ya turufu. Baraza la wabunge linaweza kuundwa humo, la kushauri kwanza. Afrika ina kura 54 kati ya 193, kundi kubwa kuliko bara lolote lingine, na imezitumia vipi? Tangu makubaliano ya Ezulwini ya mwaka 2005 imekuwa ikidai viti viwili vya kudumu katika Baraza la Usalama, pamoja na kura ya turufu. Yaani tunataka kuongezwa kwenye orodha ya wasiopigiwa kura, kisha tukagombane wenyewe kwa wenyewe kama wakae Nigeria, Afrika Kusini au Misri. Mvuvi wa Kilwa atafaidika nini balozi wa Abuja akipata uwezo wa kuzuia maazimio?

Mwaka 2007 Bunge la Afrika, likiongozwa na Mtanzania Gertrude Mongella, lilipitisha azimio la kutaka Umoja wa Mataifa uwe na baraza lake la wabunge. Lile lilikuwa dai bora kuliko la Ezulwini, na lilitoka kwetu. Serikali yoyote kati ya hizo 54 inaweza kulipeleka New York na kuomba lipigiwe kura.